Tanzia ya Mtu Aliye Hai

12 Machi

Kaka yangu Fundi Saa,

Nakuandikia mimi, marehemu dada yako. Soma mpaka mwisho kabla hujacheka.

Jumamosi nilikwenda kliniki kukaguliwa kidonda cha kifuani. Daktari alifurahi. Alisema moyo umetulia tangu upasuaji, niendelee na dawa, nisinyanyue ndoo, na juu ya yote nisipate mshtuko. Nikatoka pale najiona msichana. Nilipofika kona ya mtaa wetu nikaona turubai. Viti vya kukodi vimepangwa, watu wamejaa hadi barabarani. Nikajiuliza nani katutoka, maana asubuhi niliwaacha wote wazima. Nikakaza mwendo ili nami nikatoe pole.

Kumbe turubai limefungwa kwenye ukuta wangu.

Wa kwanza kuniona alikuwa Jirani, huyu wa mlango wa pili anayenichotea maji. Alikuwa amebeba sufuria langu kubwa. Likamponyoka, likabingirika mpaka mtaroni, na yeye mwenyewe akakaa chini palepale kama mtu aliyekatwa miguu. Hakuna aliyepiga kelele, kaka. Ingekuwa afadhali wangepiga. Watu wazima waliniangalia midomo wazi, mmoja akirudi nyuma, mwingine akimficha mtoto. Mwishowe Mshoto, yule mwanafunzi wangu niliyemfundisha kukata kola kwa mkono wa kushoto, akanijia akanishika vidole kimoja kimoja. Nikamwuliza kuna nini. Akasema, "Mwalimu, tumekuja kukuzika."

Ndipo wakanionyesha kwenye simu. Nimeisoma mwenyewe kwa miwani yangu. Familia inasikitika kutangaza kifo cha Mama Cherehani, mwalimu mstaafu wa ushonaji. Mazishi yatafanyika nyumbani kwake siku ya Jumamosi. Picha ni ile tuliyopiga mimi na wewe kwenye mahafali ya binti yako, ila wewe umekatwa, limebaki sikio na kipande cha miwani. Na chini, namba ya simu ni ya huyo huyo binti yako, Karani.

Basi chakula kilikuwa kimeshaiva, tukakila. Mimi nilikula zaidi ya wote. Mwenye nyumba wangu naye alikuwepo, uso umempauka, maana nasikia vyumba vyangu alikwisha kumwahidi mtu. Nimemwambia amsubirishe kidogo.

Nacheka, kaka, lakini usiku wa kwanza sikulala. Mtu akishasoma tanzia yake anabaki na baridi fulani mgongoni. Nimepiga simu yako mara nyingi. Anapokea mwanao Msimamizi, na kila mara ananiambia, "Baba amelala, shangazi." Nikamwambia akufunike vizuri, kifua chako hakipendi upepo. Nadhani unaona aibu kwa alichofanya binti yako. Usimkaripie sana, hakukusudia. Ila nataka kusikia kwako wewe. Wewe ukiniambia niko hai, nitaamini.

Barua hii nampa dereva wa basi la vifurushi. Nijibu kwa yeye huyo huyo.

Dada yako,
Mama Cherehani


14 Machi

Kaka Msimamizi,

Nakuandikia kwa sababu nikikupigia simu nalia, nawe unakata. Ndani ya bahasha hii nimeweka barua ya shangazi. Angalia ameiandikia nani. Dereva wa basi aliponipa aliniuliza, "Mzee yupo?" Nikamwitikia yupo. Udongo wa kaburi la baba bado haujakauka, nami nikasema yupo.

Sasa nikueleze nilichokuficha tangu siku ya maziko.

Unakumbuka tangazo la kwanza alilotengeneza binamu, lile zuri lenye maua, lilikosewa siku. Liliandikwa Jumapili. Ukaniambia rekebisha haraka, watu wasije siku ambayo tumeshazika. Binamu alikuwa njiani na jeneza, simu yake haipatikani. Mimi nilikuwa na ile PDF tu, na PDF ni kama picha ya barua: unaisoma lakini huwezi kufuta neno. Nikafanya ninachofanya shuleni kila wiki mitihani inapoletwa hivyo. Kuna tovuti za bure mtandaoni, unatumbukiza faili lako, unasubiri kidogo, linarudi likiwa waraka wa kuandikika. Huwa linarudi na makovu, jedwali limepinda, herufi moja moja zimechechemea. Mimi hukaa nikanyoosha kila mstari.

Siku ile sikunyoosha kitu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa chumba cha maiti, wananiita nikamtambue baba. Nikatafuta neno Jumapili, nikaandika Jumamosi, nikatuma kwa kila mtu ninayemjua, nikawaambia wafute lile la kwanza na kusambaza hili.

Kaka, binamu aliandika mstari mmoja kwa herufi za dhahabu zenye mikia. Mstari wenyewe ulikuwa "Fundi Saa, kaka mpendwa wa". Ile tovuti ikaudhania ua, ikautupa. Iliyobaki ikaungana yenyewe: kutangaza kifo cha Mama Cherehani. Picha nayo ikasukumwa pembeni, baba akakatika.

Simu zilipoanza kuingia, watu wakinipa pole ya shangazi, nilidhani wamechanganya ndugu. Nikawajibu asante. Jioni yake, tukishazika, ndipo nilipolifungua na kulisoma. Nilisoma huku nimeziba mdomo kwa mkono, kwa sababu nyumba ilikuwa na watu.

Na wewe kaburini ulisimama ukahesabu watu kwa macho. Ukauliza wako wapi mafundi wenzake wa sokoni, waliokula naye meza moja maisha yote. Ukamtukana Fundi Kengele hadharani, hata hayupo. Kaka, hawakujua. Walipokea tangazo la msiba wa mama wa mji mwingine. Jumatatu Fundi Kengele, aliyejua tu kwamba baba alipelekwa hospitali, alikuja hapa nyumbani na saa ya ukutani mkononi, anataka baba amsaidie kuitazama. Nilimwambia mlangoni. Alisimama akiikumbatia ile saa mpaka nikamletea kiti.

Hatukumwambia shangazi kwa sababu ya moyo wake, nami nilikubali. Sasa niruhusu nimwambie.

Mdogo wako,
Karani


15 Machi

Karani,

Barua yako nimeisomea kazini, ghorofa ya nne. Ilibidi nishuke nikae juu ya mifuko ya saruji. Vijana walidhani nimeanguka.

Nimemtukana mtu asiye na kosa mbele ya kaburi la baba yangu.

Lakini shangazi usimwambie. Daktari aliniambia mimi, uso kwa uso, kwamba mshtuko mmoja unaweza kummaliza. Huo mmoja umeshampa, na ameupita kwa bahati. Wa pili sitaki kuujaribu. Tumezika mara moja mwezi huu, inatosha.

Unajua baba alivyokuwa akizungumza. Mwandikie kama yeye. Mara moja tu, umtulize mpaka arudi kliniki mwisho wa mwezi. Simu ya baba niliondoka nayo, na nimekwisha kumwambia kwamba amelala mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Kama ni dhambi, iandike kwa jina langu.

Kaka yako


16 Machi

Mpendwa dada yangu Mama Cherehani,

Natumaini barua hii itakukuta salama. Yako nimeipata na nimeisoma. Nimesikitika sana kwa usumbufu uliokupata. Ni kosa la Karani. Alikuwa na haraka, mashine ikamharibia. Nimemkanya na amejuta.

Mimi ni mzima. Ni mafua tu, ndiyo maana nalala sana. Mikono inatetemeka kidogo kwa hiyo nimemwambia Karani anipigie barua hii kwa kompyuta.

Dada, wewe uko hai. Mimi nakuambia.

Usisafiri kuja huku, safari ni ndefu na kidonda chako ni kibichi. Kula dawa. Nikipata nguvu nitakuja mwenyewe. Wakati mwingine nikilala hivi nawawaza watoto hawa, sijui watakuwaje siku nikiondoka. Huyu mkubwa atajifanya jiwe. Na Karani atakuwa anasikia kikohozi changu chumbani, anakwenda kutazama, hakuna mtu.

Pumzika, dada.

Kaka yako,
Fundi Saa


20 Machi

Karani,

Barua ya baba yako niliipata jana. Nikaifungua barazani, mbele ya watu, kwa sababu tangu mkosi ule wanafunzi wangu wa zamani wamekuwa wakija kunitazama kama naweza kutoroka. Nilifurahi, mwanangu. Niliwaambia: kaeni niwasomee, kaka yangu amejibu.

Nikaanza kusoma kwa sauti. Nilipofika pale kwenye "mimi ni mzima", baraza ikanyamaza. Jirani aliinamisha uso akatazama vidole vya miguu yake. Mshoto akainuka akaenda nyuma ya nyumba. Nikasoma mpaka mwisho hivyo hivyo. Nikawauliza mbona mmenyamaza, hamfurahi pamoja nami?

Jirani akasema, "Mwalimu, hiyo barua kaiandika nani?"

"Si ni kaka yangu?"

"Mwalimu," akasema, "kaka yako ndiye aliyekufa."

Akatoa simu. Walikuwa nalo lile tangazo la kwanza, Karani, la kabla hujaligusa. Lilifika huku siku mbili baada ya lako, mtu kampelekea mtu, mtaa mzima ukalisoma, na hakuna aliyethubutu kuniambia. Siku zote hizo walikuwa wananiletea uji na kucheka nami nikisimulia habari ya msiba wangu, na wao wanajua. Herufi za dhahabu. Fundi Saa, kaka mpendwa wa Mama Cherehani. Picha nzima. Amevaa ile suti niliyomshonea, na mkono wake uko begani kwangu.

Unataka kujua moyo ulifanyaje? Ulipiga kama cherehani iliyokatika uzi: inakwenda, inakwenda, lakini haishoni kitu. Jirani alinipa kidonge, nikameza. Nimeamka leo asubuhi, nimeoga mwenyewe. Mwambie kaka yako kwamba mshtuko aliouogopa umeshafika na kupita, na mimi nipo.

Mwambie na hili. Nilimwambia amfunike baba yake vizuri. Akaniitikia, "Sawa, shangazi." Alikuwa ameshafunikwa. Kwa udongo. Nami nikaenda kulala nikiamini amefunikwa blanketi.

Mlinipa kifo changu kabla ya kunipa cha kaka yangu. Cha kwanza nilikicheka, kilikuwa cha kucheka. Hiki cha pili kilikuwa mali yangu, na mlikificha kama mtoto anavyofichwa sukari. Nina miaka mingi kuliko ninyi wawili mkijumlishwa. Nimezika wazazi, nimezika mume. Nani aliwaambia nyinyi kwamba mimi sijui kuzika?

Ile barua yake nimeirudia. Kikohozi chumbani. Hapo si yeye aliyekuwa akisema. Hapo ni wewe, na ni mahali pekee katika barua nzima ambapo sikutaka kuichana.

Niandikie tena. Usitumie sauti yake, tumia yako. Niambie alikufaje.

Shangazi yako


22 Machi

Shangazi,

Nimeandika kwa mkono. Samahani kwa mwandiko, sijauzoea tena.

Ilikuwa Jumatano, asubuhi. Baba alikuwa sokoni, kwenye meza yake, na kile kioo chake kimebanwa jichoni. Fundi Kengele alikuwa amekwenda mjini kununua betri, kwa hiyo hakuwepo. Muuza vifungo wa meza ya jirani ndiye aliyeona. Anasema baba alivua kioo, akakiweka kwenye kisanduku chake, akafunga kisanduku, akasema anapumzika kidogo. Akaegemea ukuta. Walinipigia simu shuleni. Nilimkuta hospitali akiwa bado ananitambua.

Aliniuliza habari zako. Aliuliza kama wameshakutoa wodini. Nikamwambia umetoka, unatembea. Akasema, "Vizuri. Basi mmoja wetu amepona." Nikadhani anatania. Nikatoka kwenda kumtafutia maji ya kunywa, na niliporudi walikuwa wamevuta pazia.

Sikusikia uchungu wowote pale, shangazi. Nilikuwa kama mtu aliyepigwa kofi sikioni. Nikakubali kila nililoambiwa: saini hapa, rekebisha tangazo, usimwambie shangazi. Nikasaini, nikarekebisha, sikukuambia. Kaka ndiye aliyetoa wazo, lakini vidole vilivyopiga ile barua ni vyangu. Nilipoandika "mimi ni mzima" nilisikia sauti yake kweli, na kwa dakika moja nilifurahi. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Shuleni nimeshindwa kuifungua tena ile tovuti. Mwalimu mkuu ameleta mitihani ya muhula, yote ni PDF. Nimekaa nikaiandika upya neno kwa neno. Akaniuliza kwa nini najitesa na kuna njia ya mkato. Ningemwambia nini? Kwamba nilimfuta baba yangu kwenye tanzia yake mwenyewe, akazikwa na watu wasiojaza hata viti vya mbele?

Sijui niombe msamaha wa kukuua au wa kumficha. Naomba wote.

Karani


3 Aprili

Kaka,

Shangazi amekuja.

Hakutuma salamu kabla. Jumapili asubuhi nilikuwa nafagia uwanja nikasikia gari linarudi nyuma kuingia getini. Basi dogo la kukodi, na nyuma yake jingine. Mlango ukafunguliwa, akateremka yeye wa kwanza, fimbo mkono mmoja, mkono wa pili amekataa kushikwa. Amekonda, kaka, lakini amesimama wima. Nyuma yake wakaanza kushuka watu nisiowajua. Wanawake watupu, wengine wazee kama yeye, wengine wa rika langu na watoto mgongoni. Nilidhani wamepotea njia.

Mmoja wao, huyo anayeitwa Jirani, alinisimulia baadaye. Anasema shangazi aliwaita wote waliokuja kumlilia siku ile ya turubai. Hata mwenye nyumba wake alimwita. Akawaambia, "Machozi yenu yalikosea nyumba. Twendeni mkayafikishe." Hakuna aliyekataa. Njiani walisimama sokoni, shangazi akaingia mwenyewe kati ya meza, akauliza nani hapa alifanya kazi na kaka yake. Kwa hiyo kwenye basi la pili walikuwemo mafundi saa wote, na Fundi Kengele alikuwa mbele, amevaa koti la baba alilowahi kuazimwa na hakulirudisha.

Mimi shangazi hakunisalimia. Alinipita, akazunguka nyumba, akaenda moja kwa moja mpaka kaburini. Hakuuliza liko wapi. Wakamfuata wote mpaka uwanja wa nyuma ukajaa, wengine wakasimama kwenye ngazi za jikoni. Nilisimama pembeni na ufagio mkononi, nimesahau kuuweka chini.

Akaniita. Akasema, "Soma."

Nikamwambia sina karatasi, shangazi.

"Huhitaji karatasi. Soma."

Nikaweka ufagio chini, nikasema kwa sauti: familia inasikitika kutangaza kifo cha Fundi Saa, kaka mpendwa wa Mama Cherehani.

"Rudia."

Nikarudia. Safari hii sauti ilitoka yote, wakasikia hadi wale wa kwenye ngazi.

Aliutazama udongo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu aliyepewa ujumbe aliokuwa akiungoja, "Sasa nimeambiwa."

Ndipo akalia. Sijapata kusikia mtu mzima analia vile. Alipoanza, wale wanawake wakaanza, na mafundi wa sokoni, na Fundi Kengele akapiga magoti. Kilikuwa kilio kikubwa, kaka, kilio cha watu wengi, kile ambacho baba alistahili Jumamosi ile tukiwa wachache tunatazamana. Nami nikalia kwa mara ya kwanza. Shangazi alinyoosha mkono bila kugeuka, akanivuta shingo, akanibana kifuani upande usio na kidonda. Nilisikia moyo wake unapiga.

Wageni wamerudi jana. Yeye amebaki, yuko chumbani kwa baba. Ametandua kitanda na kukitandika upya kwa namna yake. Fundi Kengele anakuja kila jioni, wanazungumza. Nilimwomba radhi kwa niaba yako. Akasema tusi la kaburini hakulisikia, kwa hiyo hana la kusamehe, lakini angependa kukuona.

Shangazi hajakutaja. Nikikutaja mimi, anageuza mazungumzo. Ila jana, watu walipokuwa wanarudisha viti vya kukodi, alimzuia mchukuzi mlangoni. Akamwambia kimoja akiache, kuna mtu bado hajafika kwenye msiba.

Mdogo wako,
Karani